Korongo Asiye Korongo

Ndege mkubwa wa kijivu anayeishi kwenye mafunjo ya Sudan Kusini, Uganda, magharibi mwa Tanzania na Zambia amepewa majina mengi, na mengi yametokana na domo lake. Waarabu wa Naili walimwita Abu Markub, yaani mwenye kiatu. Mwaka 1850 Mwingereza John Gould alimpa jina la kisayansi, Balaeniceps rex, mfalme mwenye kichwa cha nyangumi. Kwa Kiswahili akawa korongo-nyangumi, na hapo pakaongezeka kosa la ukoo. Historia ya kumtambua ndege huyu inatufunza kwamba sura peke yake ni shahidi dhaifu.

Waliomweka kwa makorongo walikuwa na hoja: ana miguu mirefu, na hugonganisha domo kama wao. Lakini arukapo huikunja shingo, ilhali makorongo wengi huinyoosha. Tena ana manyoya yanayotoa unga, kama ya yangeyange. Mwaka 1957 Patricia Cottam alichunguza mifupa yake akaona inamkaribia mwari. Baadaye vipimo vya DNA vilimuunga mkono, vikaonyesha kwamba mwari na fundichuma ndio jamaa zake wa karibu. Miguu mirefu, basi, si ushahidi wa undugu: kinamasi humdai kila anayetembea majini awe nayo.

Huenda msomaji akasema jina ni jina tu, na kwamba mvuvi anamjua ndege huyu bila kuhesabu mifupa. Ni kweli, wavuvi wa Mabamba, kando ya Ziwa Viktoria nchini Uganda, walijua zamani kwamba chakula akipendacho ni kamongo. Hata hivyo, kumwona kulihesabiwa kuwa mkosi wa kukosa samaki, na kwa imani hiyo aliuawa. Mwenendo wake unaonyesha kinyume. Kamongo hupanda juu kuvuta hewa, naye husimama kimya akimvizia papo hapo. Alipo yeye, kamongo hawako mbali. Leo wenye mitumbwi wa Mabamba hupata riziki kwa kuwapeleka wageni kumtazama. Ndege huyu kwa kawaida hulea kinda mmoja tu kwa msimu, kwa hiyo kila anayeuawa kwa kutoeleweka ni hasara isiyolipika upesi. Tumjue kwanza, ndipo tumhukumu.