Chumba cha Kuchora: Kutoka Dudley Hata Makerere

Kila mwaka, baina ya Februari na Aprili hivi, simu za jamaa hulia sana. Mtoto amefika miaka 13 au 14, ameleta karatasi kutoka shuleni ili achague masomo atakayofanyia mtihani wa GCSE. Hesabu, Kiingereza na sayansi hayana mjadala. Ubishi huanza pale mtoto anapotia alama mbele ya somo la kuchora. Baba hununa, mama hunyamaza, kisha napigiwa simu mimi, kwa kuwa wote wanajua nilifanya kazi miaka 19 katika chumba cha kuchora cha shule moja ya umma huku Midlands, nikiosha brashi, nikikata karatasi na kuwasha tanuri la vyungu. Sikuwa mwalimu. Lakini mwosha brashi huona mengi, na katika miaka hiyo nilisoma habari za somo hili ambazo naona ziwafikie ndugu, maana ndani yake na sisi tumo.

Waingereza hawakuanza kufundisha kuchora kwa kupenda uzuri. Mwaka 1851 yalifanyika Maonyesho Makuu mjini London, na wenye viwanda wakaona kwa macho yao kwamba vitambaa na vyombo vya Wafaransa vinavutia kuliko vyao. Serikali ikaingiwa na hofu ya biashara. Chini ya Henry Cole ikajengwa idara yenye makao South Kensington, na kutoka huko ukaenea mpango wa kufundisha kuchora nchi nzima. Mpango wenyewe ulikuwa ni kunakili: mistari, maumbo ya hesabu, majani na maua yaliyokwisha chorwa na mtu mwingine. Aliyenakili bila kukosea ndiye aliyefaulu. Hapana aliyemwuliza mtoto yeye ameona nini.

Mwaka 1912 alifika Dudley, mji wa makaa ya mawe na chuma usio mbali na Birmingham, mwalimu kijana aitwaye Marion Richardson. Alizaliwa mwaka 1892, kwa hivyo alikuwa mkubwa kidogo tu kuliko wanafunzi wake wa juu. Shule ilikuwa Dudley Girls' High School, shule ya umma ya wasichana. Yeye mwenyewe alisomea Birmingham kwa mwalimu Robert Catterson-Smith, aliyekuwa akiwaambia wanafunzi wafumbe macho kwanza, waione picha kichwani, ndipo wachore. Richardson akalichukua jambo hilo akalipeleka mbali zaidi. Aliwafumbisha macho wasichana, akawasimulia: soko usiku, mtaa wenye mvua, taa madirishani. Hakuwaonyesha kitu. Walipofumbua macho, kila mmoja alishika brashi akatoa mtaa wake. Wakati mwingine hakusimulia lolote, aliwaacha tu wangoje mpaka picha ije yenyewe.

Mwaka 1917 alikwenda London kuomba kazi, wakamkataa. Kabla ya kurudi akaingia katika maonyesho ya michoro ya watoto aliyoyaandaa Roger Fry, mchoraji na mhakiki mkubwa wa zama zile, katika karakana yake ya Omega. Richardson alikuwa na michoro ya wasichana wake. Fry alipoitazama alishangaa, akaitia katika maonyesho yake, na mwaka huo huo akaandika makala juu ya michoro ya watoto. Kazi ya watoto wa mji wa moshi ikatazamwa London na watu wa sanaa kama kazi ya kuheshimiwa. Naona hapo ndipo somo lilipogeuka. Yaliyofuata nitayapita haraka: alifundisha walimu London, mwaka 1930 akawa mkaguzi wa sanaa wa London County Council, mwaka 1938 akafanya maonyesho makubwa ya watoto wa London, na akafariki mwaka 1946. Walio wazima wa umri wangu waliosomea Uingereza huenda wanakumbuka ile mistari ya kurudiarudia ya kujifunzia mwandiko. Nayo ilitoka kwake, katika kitabu cha mwaka 1935. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni pindo la kanga.

Sasa njoo kwetu. Miongoni mwa waliofundishwa na Richardson katika chuo cha walimu cha London alikuwa Margaret Trowell, ambaye mumewe alikuwa daktari. Walikwenda Kenya mwaka 1929, kisha Uganda, na mwaka 1937 Bibi Trowell akaanza darasa la kuchora pale Makerere. Mtindo ulikuwa ule ule wa Dudley: anasimulia, wanafunzi wanaona vichwani mwao, wanachora. Mwaka 1939 akaleta kazi zao London, zikaonyeshwa katika Imperial Institute. Wapo wanaomlaumu kwamba alitaka Mwafrika abaki na picha za shamba na kijiji, na lawama hiyo ina uzito wake. Lakini Gregory Maloba wa Kenya alitoka mikononi mwake, naye ndiye aliyetengeneza sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala tangu 1962.

Na alitoka Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro. Baada ya Makerere alikuja London akasoma Slade tangu 1952 hata 1955, akarudi kufundisha Makerere. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilinunuliwa na jumba la Museum of Modern Art la New York mwaka 1960. (Masheikh wanisamehe kwa pombe, usiku aliouchora ni mzuri mno.) Tanganyika ilipopata uhuru, mwalimu huyu wa kuchora ndiye aliyeletwa London kuwa balozi, akakaa hata mwaka 1964. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafariki mwaka 1993. Baba anayeniambia kwamba kuchora ni kazi ya wasioweza masomo, humtajia huyu kwanza.

Shemeji yangu hakuwa na hoja hiyo. Yeye ni mtu wa dini kutoka Lamu, na hakutaka mwanawe achore sura za watu wala wanyama. Nikamfikishia mwalimu wetu, bibi wa Kiingereza aliyekuwa mkali kwa wote. Hakubisha. Aliuliza tu: kwenu mnapamba nini? Nikamletea picha za milango ya nakshi, kanga zangu tatu, na kofia moja iliyodariziwa kwa mkono. Kijana akachonga nakshi zile juu ya vipande vya lino, akapiga chapa kwa wino, akafanya mtihani mwaka 1991 akapita vizuri. Leo ni mhasibu. Vile vipande vya lino vilipiga kadi za arusi nne za jamaa zetu, na baadhi yenu bado mnazo.

Yuko na mwingine, msichana, ambaye baba yake alikataa katakata na akaandikishwa somo jingine. Muhula mzima alikuwa akija saa ya chakula kufinyanga udongo, bila alama wala mtihani. Halafu akaacha kuja. Simtaji jina, wazee wake wanasoma kitabu hiki.

Kwa wenye watoto mwaka huu: katika GCSE ya kuchora, alama 60 katika 100 ni za jalada la kazi za mtoto mwenyewe, na 40 ni za kazi iliyopangwa na baraza la mitihani, inayomalizikia kwa saa 10 chini ya usimamizi. Jalada hilo halitengenezwi kwa wiki ya mwisho. Kanga, mikeka ya ukili, michoro ya piko na hina, vyote huingia, mradi mtoto aonyeshe alivyovitazama na alivyovigeuza. Mwaka 2010 serikali ilianzisha kipimo cha shule kiitwacho English Baccalaureate, na kuchora hakukuwekwa ndani yake, ndiyo maana baadhi ya shule zilipunguza vipindi. Kabla ya kutia sahihi karatasi ile, mwulizeni mwalimu somo lina vipindi vingapi kwa wiki, na kama tanuri bado linawashwa.

Kanga zangu zipo. Anayezihitaji kwa jalada la mtoto anipigie, arudishe zikiwa zimefuliwa.