Herufi Moja au Mbili?

Muswada alioununua Wilfrid Voynich mwaka 1912, ambao leo umehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, umeandikwa juu ya ngozi ya ndama iliyopimwa kuwa ya kati ya 1404 na 1438. Wengi hukimbilia maana yake. Mtego, kwa maoni yangu, umetegwa mapema zaidi, katika kunakili: vijiti viwili vinavyofuatana ni herufi moja au mbili? Avihesabuye kuwa moja hupata alfabeti ndefu na maneno mafupi. Avitenganishaye hupata kinyume chake, na takwimu zote za marudio hubadilika. Hata hivyo, mwaka 1976 Prescott Currier alionyesha, kwa kuhesabu tu, kwamba kurasa zina “lugha” mbili, zikiandamana na miandiko tofauti. Neno hata moja hakuwa amelisoma.