Neno na Matumizi Yake: Shubuha

Siku hizi madukani, mtu hugeuza pakiti ya biskuti, akaona E471, akairudisha rafuni: “Haramu hii!” Haraka ya nini? E471 ni kiungo cha kuchanganyisha mafuta na maji. Huweza kutokana na mawese au soya, huweza pia kutokana na shahamu ya mnyama, hata nguruwe. Namba peke yake haisemi. Neno lake ni shubuha, la Kiarabu: jambo ambalo uhalali wake haujabainika. Jambo la haramu limekwisha katazwa. La makuruhu halina dhambi, ila kuliacha ni bora. Shubuha huondoka kiwanda kikitaja asili ya mafuta yake. Na mwenye duka asemaye biskuti “ina tuhuma” amekosea vilevile: anayetuhumiwa ni mtu.