Dala Limekwenda, Jina Limebaki

Kabla ya mwaka 1983 abiria wa Dar es Salaam alitegemea mabasi ya UDA, na aliyechoka kungoja alipanda magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria kwa kujificha. Mwaka huo serikali ikayaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, na makondakta wakainadi kwa sauti: dala, dala! Sarafu ile hainunui kitu tena.

Utaratibu wenyewe, hata hivyo, umedumu. Mwenye gari hudai hesabu yake kila jioni, hivyo mwanafunzi mwenye nauli pungufu huonekana hasara mlangoni. Konda humsukuma kando, daftari mkononi. Nasi watu wazima, siti tumeshapata, tunatazama dirishani.