Kituo cha Tiba ya Protoni cha Loma Linda

Kituo cha Tiba ya Protoni cha Loma Linda ni kitengo cha hospitali ya Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, Marekani, kinachotibu saratani kwa miale ya protoni. Kilianza kutibu wagonjwa mwaka 1990, kikiwa cha kwanza Marekani kujengwa ndani ya hospitali.

Kiini chake ni sinkrotroni iliyoundwa na maabara ya Fermilab. Mtambo huu wa duara huzipa protoni nishati ya hadi MeV 250. Sumaku huielekeza miale kwenye vyumba vya tiba vyenye kuta nene za zege.

Vyumba vitatu vina gantri, fremu ya chuma ya takriban tani 90 na kimo cha ghorofa tatu. Humzunguka mgonjwa aliyelazwa, naye huona ncha ya gantri tu.