Maji Yasiyoona Jua

Mito mingi ya Kitui na Makueni haina maji ya kuonekana kwa sehemu kubwa ya mwaka. Simama kando ya Tiva mwezi wa Agosti: utaona barabara pana ya mchanga, ng'ombe wakiikatiza na watoto wakipiga mpira katikati. Mgeni atasema mto umekufa. Mwenyeji atachukua jembe na kibuyu, achimbe, angoje kidogo, na maji yataanza kujikusanya chini ya shimo.

Marehemu nyanya yangu alichimba visima hivyo tangu utotoni, na alikuwa na kanuni moja: maji ya mchangani hayaoti kijani. Ya silanga, yaani bwawa la wazi, huota. Ya ndoo iliyoachwa juani nayo huota. Nimekuwa nikiifuatilia historia ya kanuni hiyo, na nimeona ina matawi mawili. Moja liko huku Ukambani, kwenye mawe na saruji. La pili liko kwenye maabara za mbali, ambako watu wanasoma jeni za mwani.

Tuanze na mawe. Wakamba walikuwa na mwethya zamani, kikundi cha majirani kinachokutana kulima au kujenga kwa zamu. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na watu wakachukia. Miaka ya 1950 ikang'amua kwamba kazi inaenda vizuri ikipitia mwethya. Hizo ndizo zama za ALDEV, mpango wa kuendeleza ardhi za Waafrika ulioanza 1946, na wahandisi wakajaribu kuta za kuvuka mito ya msimu. Bwawa la mchanga la Manzui, Kitui, ni la 1959.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Ukuta hujengwa juu ya mwamba kukatiza mkondo. Mafuriko yakija, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta na matope mepesi huruka na maji kwenda zake. Baada ya msimu mmoja au kadhaa, nyuma ya ukuta kumejaa mchanga, na kati ya chembe zake mmejaa maji, asilimia 25 hadi 40 ya ujazo wote. Kwenye bwawa la wazi Ukambani, jua linaweza kunyanyua kina cha karibu mita 2 za maji kwa mwaka. Ndani ya mchanga, maji yakishuka zaidi ya sentimita 60, jua halina nguvu kubwa tena.

Baada ya uhuru kazi hiyo ilirudi mikononi mwa wanavijiji. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni, katika wilaya ya Machakos ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Makueni ilimegwa 1992. Kule Kitui, shirika la SASOL lilianza katikati ya miaka ya 1990 kupanga mabwawa kwa mfululizo kwenye mto Kiindu, kisha mito mingine, hadi yakafika mamia. Wanawake ndio waliobeba mawe mengi, maana ndio waliokuwa wakitembea na punda na mitungi.

Wahandisi hutaja sana uvukizi. Nyanya alitaja rangi. Rangi hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye tawi la pili.

Mwaka 1945 mtaalamu Mmarekani, Gilbert Smith, alitenga kutoka kwenye udongo wa Massachusetts mwani mdogo wa kijani uitwao Chlamydomonas reinhardtii. Una seli moja tu, mikia miwili ya kuogelea, na doa la kuhisi mwanga. Ndugu zake wako kila mahali penye maji matamu na udongo wenye unyevu. Uzao wa mwani ule wa Smith bado unakuzwa maabara, na umefundisha dunia mengi kuhusu kile mwanga unachofanya ndani ya seli.

Una jeni takriban 17,000. Jeni ni maagizo, na maagizo hayafanyi kitu mpaka yasomwe. Swali ni nani anayeiambia seli isome lipi, na lini. Mwaka 2015 watafiti huko Marekani walichapisha kazi waliyofanya kwa kuukuza mwani huu saa 12 za mwanga na saa 12 za giza, kisha wakapima usomaji huo usiku na mchana. Zaidi ya asilimia 80 ya jeni walizopima zilipanda na kushuka kwa zamu. Mwanga ulipowaka tu, zilisomwa jeni za kukabili mshtuko wake. Jeni za usanisinuru zikawa na wakati wao mchana. Za kugawanya seli zilingoja jioni, na seli zikagawanyika giza lilipoingia. Mwani hula mchana, huzaana usiku.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna wanavyohesabu. Kwenye maabara hizo saa haianzi usiku wa manane. Inaanza taa inapowashwa. Saa moja ni baada ya saa nzima ya mwanga, na saa kumi na mbili mwanga unazimwa. Ndiyo saa yetu hasa! Na kwa kuwa Kitui iko karibu na ikweta, siku yake ni karibu 12 kwa 12 mwaka mzima, sawa na ile ya maabara.

Jua kali nalo lina maagizo yake. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba kipokezi cha mwanga wa buluu, fototropini, kinachochea usomaji wa jeni ya protini inayomwaga nishati ya ziada kama joto, ili seli isiungue. Kwa hiyo jua la Ukambani haliutishi mwani. Una kofia yake tayari.

Sasa rudi kwenye mchanga. Mwanga hupenya milimita chache tu, kisha giza. Mwani ulio chini hauna mwanga wa kutengenezea chakula. Giza haliondoi kila uchafu, lakini. Kisima kilichoachwa wazi punda na ng'ombe wakanywea huingia vijidudu, na ndiyo maana mabwawa mengi yana kisima kilichofunikwa chenye pampu ya mkono.

Ninaandika haya kwa sababu giza hilo linauzwa kwa lori. Nairobi inajengwa, na mchanga mwingi wake unatoka kwenye mito yetu. Ugomvi wa mchanga umeua watu Makueni, na mwaka 2015 kaunti ilipitisha sheria ya kuuhifadhi. Mchanga ukiondoka, kinachobaki ni madimbwi ya kijani, halafu vumbi.

Na kuna jambo kubwa zaidi linakuja. Pale Athi inapokutana na Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, linajengwa bwawa la Thwake. Kazi ilizinduliwa 2018, na ukuta wake ni wa mita kama 80. Litakuwa ziwa la wazi, na Athi inaleta maji ya mito ya Nairobi pamoja na maji taka yake. Maji taka yana naitrojeni na fosforasi, ambazo ni mbolea. Mwanga utakuwepo saa 12 kila siku. Mwani wa kijani utapata karamu, na pamoja nao bakteria wa kijani-buluu, ambao baadhi yao hutoa sumu.

Silipingi bwawa. Kaunti hizi zinahitaji maji, na mchanga peke yake hauwezi kuilisha miji. Ila jua hatuwezi kulizima, wala jeni za mwani haziulizi ruhusa ya mtu. Tunachoweza kuzuia ni kile Nairobi inachomwaga mtoni, na lori linaloingia Kaiti au Tiva usiku. Hayo mawili yanahitaji sheria inayotekelezwa kabla Thwake haijajaa.