Miaka 30 ya "Demon Knight": Ufunguo Uliofika Mikononi mwa Jeryline

Januari 13, 2025 ilitimia miaka 30 tangu filamu ya "Demon Knight" iingie kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Mashabiki wa filamu za kutisha wanapoikumbuka huzungumzia damu, mashetani wenye macho ya kijani na upara wa Billy Zane. Hayo yamo, na yana utamu wake. Lakini filamu hiyo ni mjukuu wa vitabu vya katuni vya senti 10 vilivyowahi kuburuzwa mbele ya Seneti ya Marekani, na ugomvi wa mwisho kabisa uliovihusu vitabu hivyo ulikuwa juu ya uso wa mtu mmoja mweusi aliyechorwa akitokwa na jasho. Asiyeujua ugomvi huo hawezi kuona uzito wa kilichofanywa mwaka 1995.

Kisa cha filamu ni cha usiku mmoja. Frank Brayker, mwanamume aliyechoka, anafika katika mji mdogo wa Wormwood, New Mexico, huku akifukuzwa na jini mtanashati aitwaye Mkusanyaji. Anajificha kwenye nyumba ya wageni ambayo zamani ilikuwa kanisa. Amebeba ufunguo wa kale wenye chupa ndani yake. Humo ilitiwa damu ya Yesu pale Golgotha, na tangu siku hiyo kila mlinzi anayekaribia kufa huijaza kwa damu yake mwenyewe, kisha akamkabidhi mwingine. Brayker aliupokea katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Tone moja likimwagwa kwenye kizingiti, mashetani hawavuki. Wageni wanakufa mmoja baada ya mwingine, na anayebaki kuupokea ufunguo ni Jeryline, binti mweusi mfungwa anayemalizia adhabu yake kwa kufanya kazi katika nyumba hiyo. Aliyemwigiza ni Jada Pinkett, karibu miaka mitatu kabla ya kuolewa na Will Smith.

Tuanze na babu wa filamu hii, yaani vitabu vya katuni. Mwaka 1947 Max Gaines, mmoja wa waasisi wa biashara ya vitabu vya katuni, alifariki katika ajali ya boti. Kampuni yake, EC, ikamwangukia mwanawe William, kijana wa miaka 25 aliyekuwa akijiandaa kuwa mwalimu wa kemia. Baba alikuwa akichapa hadithi za Biblia na za historia. Mwana, akishirikiana na mhariri wake Al Feldstein, mwaka 1950 alianzisha majarida matatu ya kutisha: "Tales from the Crypt", "The Vault of Horror" na "The Haunt of Fear". Wachoraji wake, akina Jack Davis, Johnny Craig na Graham Ingels, walikuwa mafundi wa hali ya juu.

Hadithi zenyewe zilikuwa na msingi mmoja: dhuluma hailali. Mume muuaji, tajiri asiye na huruma, mwenye nyumba anayewanyonya wapangaji, kila mmoja alilipwa alichokipanda, na mara nyingi aliyekuja kudai deni ni maiti aliyefufuka kaburini. Jarida jingine la kampuni hiyo, "Shock SuspenStories", lilithubutu kuandika waziwazi habari za watu weusi wanaouawa na makundi ya wenye hasira na za chuki dhidi ya Wayahudi, wakati ambapo magazeti mengi ya heshima yalikuwa yakipita mbali na mambo hayo.

Dhoruba ilikuja mwaka 1954. Daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu kilichodai kuwa katuni zinawaharibu watoto na kuwafanya wahalifu. Haki isemwe: Wertham hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefungua kliniki ya gharama nafuu katika mtaa wa Harlem kwa ajili ya watu weusi waliokosa pa kutibiwa, na utafiti wake ulisaidia katika kesi zilizovunja ubaguzi mashuleni. Lakini katika suala la katuni alipotoka. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley wa Chuo Kikuu cha Illinois alionyesha, kwa kupitia makaratasi ya daktari huyo, kuwa ushahidi mwingi ulikuwa umepindishwa.

Aprili 21, 1954, kamati ndogo ya Seneti iliyoshughulikia uhalifu wa vijana iliketi New York. Wachapishaji wengi walijificha. Gaines alijitolea mwenyewe kwenda kutoa ushahidi. Alikuwa amekesha akiandika maelezo yake, huku akimeza vidonge vya kupunguza unene vilivyomnyima usingizi; nguvu ya vidonge ilipoisha, alikuwa bado yuko kwenye kiti cha shahidi. Seneta Estes Kefauver akainua jalada la jarida lake moja: mwanamume ameshika shoka lenye damu mkono mmoja, mkono mwingine kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Akamuuliza kama anaona jalada hilo lina staha. Gaines akajibu kuwa ndiyo, kwa jalada la jarida la kutisha; lingekosa staha kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi ili damu ionekane ikichuruzika. Kumbukumbu rasmi za kikao zinaonyesha mtu mkweli aliyekosa wakili wa kumshika mkono. Kesho yake jibu hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa mbele wa "The New York Times", na vita ilikuwa imekwisha.

Wachapishaji wenyewe, kwa kuogopa sheria ya serikali, waliunda chombo cha kujidhibiti na kumweka hakimu wa New York, Charles Murphy, akiongoze. Kanuni zake zilipiga marufuku maneno yenye maana ya kitisho katika majina ya majarida, pamoja na wafu wanaotembea, wanyonya damu na watu wanaogeuka mbwamwitu. Jarida lisilo na muhuri wa Murphy halikupokelewa na wasambazaji. Gaines akayafunga majarida yake ya kutisha.

Hapo ndipo unapofika ugomvi ninaotaka msomaji aukumbuke. Feldstein aliusimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, na simulizi yake ndiyo niliyoifuata.

Katika toleo la 33 la "Incredible Science Fiction", lililotoka mwanzoni mwa 1956, hadithi moja ilikataliwa na ofisi ya Murphy. Ili kujaza nafasi, Feldstein akachukua hadithi ya zamani ya kampuni, "Judgment Day", iliyowahi kutoka mwaka 1953 na iliyochorwa na Joe Orlando. Ilikuwa hadithi iliyosifiwa hata na mwandishi Ray Bradbury. Mwanaanga kutoka duniani, Tarlton, anatua kwenye sayari ya roboti ili aone kama ziko tayari kuingia katika umoja wa dola za angani. Sura yake haionekani, amevaa kofia ya anga. Anatembezwa viwandani na mitaani. Roboti za rangi ya machungwa zinatawala. Za rangi ya buluu zinakaa nyuma ya basi na katika upande wao duni wa mji. Tarlton anazikagua na kukuta kuwa ndani zimetengenezwa kwa vifaa vilevile, tofauti ni ganda tu. Anaziambia kuwa bado hazijafika. Kisha anapanda chombo chake, anavua kofia, na katika mchoro wa mwisho msomaji anaona kwa mara ya kwanza kuwa mwanaanga huyo ni mtu mweusi, jasho likimeremeta usoni.

Murphy alikataa. Alitaka mtu huyo asiwe mweusi. Feldstein alimjibu kuwa hadithi nzima imejengwa juu ya jambo hilo. Ukiliondoa, hakuna kinachobaki. Hakukuwa na kanuni hata moja iliyoandikwa kuwa mtu mweusi haruhusiwi kuwa shujaa, wala Murphy hakuweza kuionyesha. Feldstein akarudi kwa Gaines na kumweleza. Gaines akapiga simu na kutishia kuwaita waandishi wa habari ili aiambie nchi nzima sababu ya hadithi yake kuzuiwa. Murphy akalegeza kamba nusu: mtu abaki, lakini jasho liondolewe. Gaines akamtukana, akakata simu, na akachapa hadithi kama ilivyokuwa, matone yote yakiwa mahali pake.

Tafakari hilo dai la jasho. Ofisi iliyoundwa ili kuwalinda watoto na vichwa vilivyokatwa iliishia kupigania matone ya maji kwenye paji la uso wa mwanamume mweusi aliyekuwa akifanya kazi yake kwa heshima. Toleo hilo lilikuwa la mwisho la kitabu cha katuni kuchapwa na EC. Gaines alibaki na gazeti la vichekesho la "Mad", ambalo kwa kugeuzwa kuwa jarida kubwa lilikwepa mamlaka ya Murphy, likamtajirisha.

Miaka iliyofuata naipita kwa haraka. Mwaka 1972 Waingereza walitoa filamu ya "Tales from the Crypt", Ralph Richardson akiwa msimulizi. Mwaka 1982 George Romero na Stephen King waliienzi EC kwa "Creepshow". Juni 10, 1989 kituo cha kulipia cha HBO kilianza kurusha mfululizo wa televisheni wa "Tales from the Crypt", ukiwa na watayarishaji wazito: Robert Zemeckis, Richard Donner, Walter Hill, Joel Silver na David Giler. Kwa kuwa HBO haikutegemea matangazo ya biashara, hakukuwa na Murphy wa kuwazuia. Kikaragosi cha maiti kilichotengenezwa na Kevin Yagher na kupewa sauti na John Kassir kilifungua kila hadithi kwa kicheko chake kikali. Vipindi 93 vilirushwa hadi 1996. Gaines aliishi kuona sehemu yake. Alifariki Juni 1992.

Mfululizo ulipopata jina, studio ya Universal ilitaka filamu. Muswada wa "Demon Knight", ulioandikwa na Ethan Reiff, Cyrus Voris na Mark Bishop, haukutoka kwenye katuni yoyote ya EC. Ulikuwa umezunguka kwa watayarishaji kwa miaka kadhaa kabla ya kumfikia Silver. Kazi ya kuuongoza akapewa Ernest Dickerson.

Jina hilo linastahili kujulikana zaidi ya linavyojulikana. Dickerson, mzaliwa wa Newark, alisomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Howard kabla ya kukutana na Spike Lee katika shule ya filamu ya New York. Yeye ndiye mpigapicha mkuu wa "Do the Right Thing" na "Malcolm X". Mwaka 1992 aliongoza filamu yake ya kwanza, "Juice", iliyomtambulisha Tupac Shakur kama mwigizaji. Akiwa na jicho la namna hiyo, aliipa "Demon Knight" rangi za katuni: taa za kijani na buluu, kamera iliyoinama, vivuli vizito kama vya wino wa Jack Davis. William Sadler, aliyekuwa ameigiza hadithi ya kwanza kabisa ya mfululizo, akawa Brayker. CCH Pounder, mzaliwa wa Guyana, akawa mwenye nyumba ya wageni, mama anayekatwa mkono na bado akaendelea kupigana.

Katika filamu za kutisha za Marekani kulikuwa na desturi chungu: mweusi hufa mapema ili mweupe apate kuishi. Hata Romero, aliyempa mwigizaji mweusi Duane Jones nafasi ya mhusika mkuu katika "Night of the Living Dead" mwaka 1968, alimaliza kwa kumuua. Dickerson alikataa. Karibu na mwisho, Jeryline amebaki peke yake na Mkusanyaji. Jini linambembeleza, linamwahidi, linaamini limeshinda. Binti ameiweka damu takatifu mdomoni. Anasubiri lisogee, kisha anaitema yote usoni pake, na uso wa mtanashati unayeyuka na kumwacha shetani wazi. Asubuhi anapanda basi akiwa na ufunguo, mlinzi mpya wa ulimwengu. Hadithi inamwacha hai, tena na kazi ya kufanya.

Filamu iligharimu kama dola milioni 13 na kuingiza kama milioni 21 Marekani. Iliyoifuata mwaka 1996, "Bordello of Blood", ilianguka vibaya, na mpango wa filamu tatu ukafa. Jaribio la M. Night Shyamalan la kuufufua mfululizo mwaka 2016 lilikwama kwenye mabishano ya hakimiliki, na kwa miaka mingi mabishano hayo hayo yaliufanya mfululizo wenyewe uwe adimu kwa watazamaji wapya.

Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu kisichoonekana husahaulika. Jordan Peele alipotoa "Get Out" mwaka 2017, wengi waliandika kana kwamba filamu za kutisha za watu weusi zilizaliwa siku hiyo. Hazikuzaliwa siku hiyo. Miaka 22 kabla yake, ndani ya filamu ya studio kubwa iliyouzwa kwa kicheko cha kikaragosi, mwongozaji mweusi alimkabidhi binti mweusi ufunguo wa kuulinda ulimwengu. Na miaka 39 kabla ya hapo, mchapishaji mmoja mkaidi alikuwa tayari kupoteza vitabu vyake vya katuni kuliko kumfuta jasho Tarlton. Vijana wetu wanaojifunza kutengeneza filamu waitafute "Demon Knight" na waitazame kwa makini, kisha waandike jina la Ernest Dickerson kwenye orodha ya walimu wao.